Jua Lilipozama Borg: nyumba ya Skallagrim na watu wake

Ndugu zangu, wazee wangu, dada zangu mliokaa huku mbele, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, nawasalimu nyote.

Wiki iliyopita mpwa wangu wa darasa la sita alinichorea Mviking, mmoja wa wale mabaharia na wavamizi wa kale wa Norwe na jirani zake. Akamchora na kofia ya chuma yenye pembe mbili kama za ng'ombe wa Ankole. Nikamwuliza, hizi pembe umezitoa wapi? Akasema, "Anko, kila mtu anajua." Basi tuanze hapo hapo. Kofia za vita za Waviking hazikuwa na pembe. Pembe hizo walivishwa na wachoraji na waigizaji wa karne ya 19, na mpaka leo hawajavuliwa.

Nawavua pembe kwanza kwa sababu jioni ya leo sitaki tuzungumze juu ya mapanga. Nataka niwapeleke kwenye nyumba moja. Nyumba ya shamba, magharibi ya Aislandi, mahali paitwapo Borg. Habari zake zimo katika Saga ya Egil (saga ni masimulizi marefu ya kale ya Aislandi), iliyoandikwa karne ya 13, wakati mambo yenyewe yalitokea karne ya 9 na ya 10. Wataalamu wengi wanamhisi Snorri Sturluson kuwa ndiye mwandishi, mtu aliyeuawa mwaka 1241, ambaye mwenyewe alipata kuishi Borg na alikuwa wa uzao wa Egil. Kwa hiyo mkisikia kitu kinapindukia mipaka, kumbukeni kwamba yamekwisha kupita midomoni mwa vizazi na vizazi vya watu wanaopenda kusimulia. Sisi tuliolelewa na habari za Fumo Liyongo tunaijua biashara hiyo.

Sasa niulize: mkuu wa Kiviking alikuwa mtu wa namna gani? Babu wa nyumba hii aliitwa Ulf. Aliishi Norwe, kwenye vichochoro vya bahari vya pwani ya magharibi, na alikuwa tajiri. Saga inasema aliamka alfajiri kabla ya watu, akazunguka kwa mafundi wake, akatazama mifugo, akapita mashambani, na mwenye shida akapewa shauri la maana. Mchana kutwa, mtu mwema! Kisha jua likazama. Likizama jua, Ulf alikuwa hasemeki. Uso unakunjamana, usingizi mzito unamchukua mapema, na watu wachache tu waliweza kupata neno kwake. Wakaanza kunong'ona kwamba usiku anajigeuza. Wakamwita Kveldulf, yaani Mbwamwitu wa Jioni.

Lishikeni hilo jina. Kila mara jua linapozama katika nyumba hii, kuna jambo. Na kila mara, nitawaonyesha, inabidi awepo mtu wa kusimama katikati.

Kveldulf alikuwa na wana wawili. Mkubwa ni Thorolf, mzuri wa sura, mkarimu, mchangamfu, kipenzi cha watu. Mdogo ni Grim, mweusi, mbaya wa sura, mkaidi, aliyeingia upara akiwa na miaka 25, wakamwita Skallagrim, Grim mwenye Upara. Wakati huo Mfalme Harald, yule wa Nywele Nzuri, anaiteka Norwe wilaya baada ya wilaya. Anawaambia wakuu: nitumikieni, hameni, au mfe. Mzee Kveldulf akakataa kwa adabu, akasingizia uzee. Thorolf akasema mimi nitakwenda.

Akaenda, na mambo yakamnyookea kupita kiasi. Akapewa mali kaskazini, akapewa kazi ya kukusanya kodi ya ngozi kwa Wasami, wenyeji wa kaskazini, akawa mtu wa karibu wa mfalme. Siku moja mfalme akaja kwake kula karamu na watu 300. Thorolf, kwa furaha ya mwenyeji, alikuwa amealika watu wake 500. Mnaliona kosa hapo? Yeye aliona heshima. Mfalme alihesabu vichwa. Wakawepo na ndugu wawili wenye kinyongo cha urithi, wakaanza kumpulizia mfalme fitina sikioni: huyu anakuibia kodi, huyu anataka kukuua. Thorolf akamzawadia mfalme merikebu yake nzuri yenye kichwa cha joka, mfalme akapoa. Wafitini hawakupoa.

Mwisho mfalme akaizingira nyumba, akaitia moto. Thorolf akatoka kwa kuvunja ukuta, akapasua njia kwa upanga hadi penye bendera ya mfalme, akamwua aliyeishika. Hapo akasema, "Nimepungukiwa hatua tatu." Akaanguka kifudifudi miguuni pa mfalme. Hatua tatu! Fikirini, wenzangu. Upanga wa mtu umempungukia urefu wa kitanda, na kwa hizo hatua tatu ukoo mzima ukaihama nchi.

Skallagrim alikwenda kwa mfalme kudai dia ya damu ya kaka yake. Walinzi walipowaona yeye na wenzake mlangoni wakamwambia mfalme kwamba wamekuja watu wanaofanana na majitu kuliko binadamu. Mfalme akasema dia utapata, ila uchukue nafasi ya kaka yako, unitumikie. Skallagrim akajibu, kwa maana hii, kwamba kaka yangu alinizidi kwa kila jambo na bado bahati haikumtosha kukutumikia. Mimi nitaweza wapi? Akatoka na roho yake mkononi.

Nyinyi mnaopenda mashujaa safi, hapa mtakwazika. Baba na mwana walipakia watu na mali kwenye merikebu mbili, na kabla ya kuondoka wakaivamia merikebu ya watu wa mfalme. Waliua zaidi ya 50. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto wawili, wana wa mjomba wa mfalme, mmoja miaka 12, mwingine miaka 10. Saga inasema walikuwa watoto wazuri mno wa kutazamwa, na haimtetei mtu. Mimi pia simtetei.

Mzee Kveldulf alipigana siku hiyo na ule umbwamwitu wake umempanda. Wenye hali hiyo, ikishawatoka, wanabaki hawana nguvu hata za mtoto. Hakuinuka tena. Wakiwa katikati ya bahari akausia: nikifa nitieni katika jeneza, mnitupe majini, na mwanangu Skallagrim mwambieni ajenge karibu na pale nitakapofika mimi. Jeneza likaelea, likatangulia. Wakalikuta limepwelewa Borgarfjord, Aislandi.

Basi ndipo Borg ilipojengwa. Na hapa nataka tutulie kidogo, maana huku ndiko ukuu wa mtu ulikoonekana, kuliko kule vitani. Skallagrim alitwaa nchi kubwa, toka milimani hadi baharini, kisha akaigawa kwa watu aliosafiri nao. Akaweka watu pwani wavue samaki na kuwinda sili, waokote mayai ya ndege na magogo yaletwayo na maji. Akaweka wengine mitoni kwenye samoni. Alipoona kondoo wanaolishia milimani wananenepa zaidi, akajenga zizi huko. Na yeye mwenyewe alikuwa mhunzi. Alihitaji fuawe, na jiwe gumu la kutosha hakuliona nchi kavu. Akapiga makasia peke yake hadi visiwani, akazamia, akaibuka na jiwe kifuani, akalipakia mashuani. Saga inasema jiwe hilo lilikuwa bado lipo pale penye kiwanda chake, taka za chuma zimelizunguka, limebondwa juu, na watu wanne hawawezi kuliinua. Mkuu wa Kiviking ndugu zangu ni huyo: masizi usoni, anawagombeza vibarua kwa kuchelewa kuamka.

Mchana.

Sasa njooni jioni. Skallagrim na mkewe Bera walizaa wana wawili, na historia ikajirudia kama ya kunakili: Thorolf wa pili, mzuri na mchangamfu kama ami yake, na Egil, mweusi na mbaya kama baba yake. Egil wa miaka mitatu alikatazwa kwenda karamuni kwa babu yake mzaa mama. Baba yake alimwambia, wewe hata usipolewa ni taabu, huko kwenye pombe utakuwaje? Mtoto akachukua farasi, akawafuata kupitia vinamasi, akaingia usiku, na akatunga shairi. Babu akamzawadia makombe matatu ya konokono wa baharini na yai la bata. Miaka mitatu! Msinitazame hivyo, mimi nasimulia kilichoandikwa.

Akiwa na miaka 12, walikwenda kucheza mpira. Egil na rafiki yake Thord upande mmoja, Skallagrim upande wa pili. Mchana wale vijana walimshinda mzee, akawa anachoka. Kisha jua likazama. Jua lilipozama nguvu zikamjia Skallagrim, si nguvu za kawaida. Akamwinua Thord, akambwaga chini, akafa hapo hapo. Halafu akamkamata Egil. Mwanawe!

Nani alisimama katikati? Mtumwa. Mwanamke aliyeitwa Thorgerd Brák, aliyemlea Egil tangu mchanga, mwenye mwili mkubwa na nguvu kama mwanamume. Akasema, "Skallagrim, sasa unamgeuzia ukichaa mwanao mwenyewe?" Maneno hayo tu. Skallagrim akamwacha Egil, akamgeukia yeye. Brák akakimbia, akafika ukingoni mwa jabali, akajitupa baharini, akaogelea. Skallagrim akamvurumishia jiwe kubwa, likampata katikati ya mabega. Yeye na jiwe hawakuonekana tena. Mlangobahari ule unaitwa Brákarsund hadi leo, kwa jina lake.

Usiku huo Egil aliingia ukumbini watu wanakula, akamwendea msimamizi wa baba yake, mtu ambaye baba alimpenda kuliko wote, akamwua kwa pigo moja. Kisha akaenda kukaa mahali pake. Skallagrim hakusema neno. Baba na mwana walikaa nyumba moja majira yote yale ya baridi bila kusemezana, jema wala baya. Nimesoma sehemu hii mara nyingi, na kila mara kinachonishtua ni ule ukimya mezani. Wangapi humu wamewahi kula katika nyumba ya namna hiyo? Msinyooshe mikono.

Egil akakua, akaenda Uingereza na kaka yake kupigana upande wa Mfalme Athelstan. Kaka akauawa. Baada ya kumzika, Egil akaketi ukumbini mkabala na mfalme, nyusi moja imeshuka hadi shavuni, nyingine imepanda hadi penye nywele, anauchomoa upanga nusu na kuurudisha alani, hanywi. Mfalme hakuuliza kitu. Alivua kikuku cha dhahabu mkononi mwake, akakitundika ncha ya upanga, akakipitisha juu ya moto. Egil akakipokea kwa ncha ya upanga wake, akakivaa, na nyusi zikarudi mahali pake. Mfalme akampa pia makasha mawili ya fedha, ampelekee baba yake kama dia ya mwana. Niwaambie mapema: Skallagrim hakuiona hata sarafu moja. Makasha hayo yasahauni kwa sasa, tutayakuta mbele.

Adui wa Egil alikuwa Mfalme Eirik, aliyeitwa Shoka la Damu, mwana wa yule Harald, pamoja na malkia wake Gunnhild. Egil alimwua mwana wao. Alisimamisha mti wenye kichwa cha farasi, akaapiza mizimu ya nchi ya Norwe isipate makao mpaka iwafukuze mfalme na malkia. Na wakafukuzwa kweli, wakaenda kutawala York, Uingereza. Miaka ikapita. Egil akavunjikiwa chombo. Wapi? Mdomoni mwa mto Humber, mlangoni pa Eirik!

Hakukimbia. Alikwenda usiku kwa rafiki yake Arinbjorn, ambaye ni mtu wa mfalme, na Arinbjorn akampeleka mbele ya Eirik. Malkia akasema auawe sasa hivi. Arinbjorn akajibu kwamba kuua mtu usiku ni uuaji wa kificho, ni aibu kwa mfalme. Mnaona? Jua limezama, na safari hii kuzama kwake kumempa mtu pumzi ya saa chache. Arinbjorn akamwambia rafiki yake: tunga utenzi wa kumsifu, beti 20, uwe tayari asubuhi.

Egil akajaribu, ikashindikana. Kuna mbayuwayu dirishani analia usiku kucha, hanyamazi. Arinbjorn akapanda juu, akakaa karibu na lile dirisha, na akaona kiumbe kikiondoka kwa umbo lisilo lake. Saga haisemi kilikuwa nani. Wasomaji wengi wanamtazama malkia. Arinbjorn akakaa pale juu mpaka kukucha. Asubuhi Egil akasimama mbele ya mtu aliyemuulia mwana, akamsifu kwa beti 20.

Washairi mliomo humu, nisikilizeni. Ushairi wa Waviking ulisimama juu ya sauti za mwanzo wa maneno na vina vya ndani ya mstari. Utenzi ule wa York una vina vya mwisho, kama vyetu, jambo ambalo kwao lilikuwa geni. Sifa zenyewe, kusema kweli, ni baridi: damu, tai, kunguru, mapanga, mfalme hodari. Mfalme yeyote angevaa nguo ile. Lakini mlio wake! Eirik akamwachia kichwa chake, na Egil akashukuru kwa ubeti mwingine, kwamba kichwa hiki ingawa ni kibaya sikatai kukipokea kwa mfalme. Liyongo wetu naye alitoka kifungoni kwa wimbo, alioutia kinywani mwa kijakazi Saada aupeleke kwa mama, apate tupa ndani ya mkate. Pwani mbili, bahari mbili, na hakuna aliyemwiga mwenziwe.

Sasa nifike pale ninapopapenda. Wenye haraka ya chai wavumilie.

Egil amezeeka kidogo, amerudi Borg. Ana mwana anayempenda kuliko wote, Bodvar, kijana. Bodvar akaenda na wenzake kuchukua mbao kwa mashua. Upepo ukaja kinyume cha maji. Mnaokaa pwani mnaijua bahari ya upepo ukikinzana na maji. Wote wakazama. Egil akaenda ufukoni, akamkuta mwanawe, akampakata magotini juu ya farasi hadi kwenye kaburi la Skallagrim. Akalifukua, akamlaza Bodvar ubavuni pa babu yake. Saga inasema kaburi halikufungwa hadi jua linakuchwa.

Aliporudi nyumbani akaingia kwenye kijichumba cha kitanda chake, akafunga komeo. Hali, hanywi. Hakuna aliyethubutu kumsemesha. Mkewe Asgerd, siku ya tatu, akatuma mtu kwa farasi hadi kwa binti yao Thorgerd, aliyeolewa mbali, Hjardarholt. Mliisikia hiyo Thorgerd? Ni jina la yule mtumwa wa jabalini. Saga haisemi neno juu ya hilo, na mimi sitalisemea.

Thorgerd akatandika farasi papo hapo, akasafiri jioni ile na usiku wote. Mama akamwuliza, umekula? Akajibu kwa sauti ya kusikika hadi chumbani: "Sijala, na sitakula mpaka nifike kwa Freyja. Sitaki kuishi baada ya baba yangu na kaka yangu." Freyja ni mungu wao wa kike. Akaenda mlangoni. "Baba, fungua. Nataka tushike njia moja." Komeo likafunguka! Akaingia, akalala kitanda cha pili. Egil akasema, umefanya vyema binti yangu, nani angetarajia niishi na huzuni hii?

Wakanyamaza. Kisha Egil akasikia kitu. "Unatafuna nini?" "Natafuna mwani. Nasikia unamdhuru mtu. Nisipoutafuna nitachelewa kufa." Mwani ndugu zangu! Si huu wa Paje na Jambiani unaosafirishwa nje. Wao waliukausha wakala hivi hivi. "Unadhuru?" "Sana. Utaka?" "Kwa nini nisitake?" Akatafuna. Mwani una chumvi. Baada ya muda Thorgerd akaita aletewe maji. Egil akasema, ndiyo mambo ya mwani, mtu anazidi kiu. "Na wewe unywe, baba?" Egil akaipokea pembe, akapiga funda kubwa. Thorgerd akasema: "Tumedanganywa. Haya ni maziwa." Egil akaing'ata ile pembe hadi meno yalipokutana, kikakatika kipande, akaitupa chini.

Thorgerd akatulia. Akasema basi mpango wetu umeharibika. Afadhali tuishi kidogo, utunge utenzi wa kumlilia Bodvar, nami niuchonge kwenye kijiti. Ukiisha, tutakufa tukipenda.

Ukawa utenzi wa beti 25. Mwanzoni anasema ulimi ni mzito, hauinuki. Anasema wimbi limeubomoa ua wa ukoo wake, na pengo liko wazi. Anasema bahari ingekuwa mtu wa kudaiwa kwa upanga angeidai, ila hana nguvu, na watu wote wanaona mzee asiye na wa kumsindikiza. Anamnung'unikia Odin, mungu wake, kwamba amevunja urafiki. Kisha anakiri kwamba mungu huyo huyo alimpa ufundi usio na doa, na hiyo ndiyo dia aliyolipwa. Akadai dia kwa mungu, akajihesabia, akaona imelipwa! Alipofika ubeti wa mwisho alikuwa anapata nguvu. Akainuka, akatoka, akaketi kwenye kiti chake cha heshima, akawafanyia marehemu matanga.

Brák alizuia kwa neno moja na jiwe likamfuata. Thorgerd alizuia kwa mwani na maziwa.

Nimalizie uzeeni. Egil kaishi miaka 80 na zaidi, kapofuka, anakaa Mosfell kwa Thordis, binti wa kaka yake, na mumewe. Akianguka uani wanawake wanamcheka. Akiota moto mpishi anamwambia, toa miguu, usitukwaze. Siku moja akamwambia Thordis: nataka kwenda kwenye mkutano mkuu wa nchi, na yale makasha mawili ya fedha ya Athelstan. Niimwage fedha yote kwenye Mwamba wa Sheria, nisikie kama watu watagawana kwa haki! Nadhani wataparuana mpaka mkutano mzima upigane. Thordis akasema, shauri zuri sana, mjomba... hapana, nisikosee, baba mdogo. Kisha akaenda moja kwa moja kumwambia mumewe, na mzee hakupelekwa.

Jioni moja Egil akaita watumwa wawili na farasi. Anakwenda kuoga kwenye chemchemi ya maji moto, alisema. Akatoka na makasha. Asubuhi wakamkuta anapapasa mlimani, anamvuta farasi. Makasha hayapo. Watumwa hawapo, na akakiri kwamba kawaua. Safari hiyo hakukuwapo mtu wa kusimama katikati. Thordis alikuwa kwenye kambi ya mifugo malishoni.

Wakati wa vuli akafa. Miaka mingi baadaye, Ukristo umeshaingia, wakachimbua mifupa mikubwa chini ya kanisa. Fuvu lilikuwa zito, lina matuta kama kombe. Padri aliyeitwa Skapti akaliweka juu ya ukuta wa uani, akalipiga kwa kisogo cha shoka kwa nguvu zote. Pale lilipopigwa pakageuka weupe. Halikubonyea wala kupasuka. Siku hizi wako wataalamu wanaosema huenda alikuwa na ugonjwa wa Paget, unaonenepesha mifupa, na kwamba ndio uliompofusha.

Na fedha? Mashariki ya Mosfell kuna korongo linaloshuka kutoka mlimani. Saga inasema theluji ikiyeyuka kwa ghafla, maji yakipita, watu walikuwa wakiokota humo sarafu za Kiingereza.